Kuandaa kiwanja kijijini kabla ya kuchimba msingi: anza na maji

Ndugu zangu, wengi wetu tukishapata kipande cha ardhi kijijini tunakimbilia ramani ya nyumba na hesabu ya matofali. Nimefanya ujenzi miaka mingi, na nyumba nyingi nilizoitwa kuzitazama zimepasuka kuta, ubaya haukuwa kwenye tofali wala saruji. Maji yalikuwa yanapita chini ya msingi, na njia yao ilikuwepo kabla mwenye nyumba hajashika jembe.

Hatua ya 1: Mipaka. Mpima ardhi aje, bikoni (alama za mipaka) zionekane, majirani wawepo. Kama ni shamba la urithi, ndugu wote wakubaliane kwa maandishi. Ukiambiwa "jenga tu, ugomvi utaisha", subiri uishe kwanza.

Hatua ya 2: Nenda mvua ikinyesha. Hii ndiyo hatua ninayowasihi msiiruke. Vaa mabuti, simama kiwanjani, uangalie maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, yanatuama wapi na kwa muda gani. Rudi tena kesho yake asubuhi. Kama umekwenda kiangazi, soma alama: takataka zilizonasa kwenye mashina ya vichaka, nyasi zilizolalia upande mmoja, mchanga laini uliotandazwa kama umechekechwa, matete yanayostawi katikati ya nyasi kavu. Kisha kaa na wazee wa jirani uwaulize mwaka wa mvua kubwa maji yalifika wapi. Niliwahi kuonyeshwa na mzee mmoja mti wenye alama ya tope usawa wa goti langu. Siku hiyo vigingi tulikuwa tumeshavipigilia hatua kumi tu kutoka pale. Tuliving'oa vyote, tukahamia juu.

Hatua ya 3: Mashimo ya majaribio. Chimba mawili au matatu mahali nyumba itakapokaa, kina mita 1.5 hadi 2. Kila udongo unapobadilika, chukua donge, lowanisha kidogo, uviringishe kati ya viganja. Ukisambaratika, ni kichanga. Ukitoa kamba nyembamba kama penseli bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Wa kuogopa zaidi ni mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi hadi mkono unazama kwenye ufa, na masika unaganda kwenye viatu hadi miguu inakuwa mizito. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na nyumba inapanda na kushuka nao. Hapo ama uuchimbe wote hadi ufike ardhi ngumu, ama umwite mhandisi akupangie msingi wa nondo unaofaa.

Acha shimo usiku mmoja. Asubuhi ukikuta maji chini wakati haikunyesha, jua maji ya ardhini yako karibu. Lifunike vizuri, watoto na mifugo wasitumbukie.

Hatua ya 4: Kusafisha. Usikate kila mti, kivuli utakihitaji. Ila pale patakapokaa nyumba, visiki ving'olewe pamoja na mizizi yake minene. Kisiki kilichofukiwa kinaoza, kinaacha uwazi chini ya sakafu, na kabla hakijaoza kinawaita mchwa. Kichuguu nacho usikivunje juu tu ukaridhika. Chimba hadi umtoe malkia, maana akibaki wanajenga upya.

Udongo wa juu wenye mizizi na mboji, sentimita 15 hadi 30, ukwangue uuweke pembeni. Chini ya sakafu utadidimia, lakini kwenye bustani ni mali.

Hatua ya 5: Panga kiwanja chote. Kabla ya kuchora nyumba, weka vigingi vya kisima, choo, banda la mifugo na njia ya lori. Choo kiwe upande wa chini wa kisima, umbali usiopungua mita 30.

Hatua ya 6: Kuseti, yaani kuweka alama za kona na kuta za nyumba ardhini. Pembe mraba huipati kwa macho. Pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili. Kamba ya kuunganisha ncha hizo ikisoma mita 5 kamili, pembe imekaa. Kisha pima kona kwa kona: vipimo viwili vikilingana, nyumba iko mraba. Usawa pima kwa mpira wa maji mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Utoe mapovu yote kwanza, maana povu moja tu litakudanganya.

Maswali ya wanachama

*Fundi, kiwanja changu kina mteremko mkali. Nikate au nijaze?*
Kata, na msingi uushushe kwa ngazi. Nisichokubali ni nusu ya nyumba kukaa kwenye ardhi iliyokatwa na nusu kwenye kifusi, kwa sababu kifusi kitashuka na ufa utatokea pale vinapokutana. Upande wa juu chimba mtaro wa kukinga maji yasifike ukutani.

*Nimejaza kifusi, nikaambiwa niache mvua mbili kishindiliwe chenyewe. Ni sawa?*
Hapana, ndugu yangu. Mvua inalainisha zaidi ya kushindilia. Mwaga tabaka la sentimita 15, lowanisha kiasi, shindilia, ndipo uweke lingine. Kama umeshamwaga chote kwa mkupuo, kitoe uanze upya. Najua inauma.

*Nimekata mti mkubwa mwezi uliopita, naweza kujenga palepale?*
Kama udongo ni kichanga au changarawe, ng'oa kisiki, jaza na ushindilie, endelea. Kama ni mfinyanzi, sogea. Mti ule ulikuwa unanyonya maji. Sasa udongo utayarudisha polepole na kuvimba, na huchukua hata miaka.

*Nitajuaje kama shimo la maji taka litanyonya?*
Chimba kishimo chembamba, kijaze maji, acha yaishe. Kesho jaza tena, uangalie yanashuka kwa kasi gani. Yakikaa kutwa nzima bila kupungua, hapo usichimbe shimo la kunyonya. Jaribu sehemu nyingine ya kiwanja kabla hujaamua nyumba ikae wapi.