Namna ya Kuanza Kusikiliza Muziki Mtakatifu wa Kwaya wa Zama Zetu

Anza na kazi fupi inayoimbwa bila ala, kwa sababu sikio geni huchoka mapema likitwishwa misa nzima. Mimi humpa mgeni "The Lamb" ya John Tavener wa Uingereza, iliyotungwa mwaka 1982, ya dakika tatu au nne hivi. Soma kwanza maneno yake, kisha uvae hedifoni mahali patulivu: soprano, waimbaji wa sauti ya juu, wanaanza peke yao kwa upole, halafu alto, wa sauti ya chini kidogo, wanajiunga wakiimba wimbo uleule uliopinduliwa, kila noti inayopanda kwa wenzao ikishuka kwao, na hapo ndipo unapozaliwa mkwaruzo mtamu ajabu wa noti zinazogongana. Usiukimbie mkwaruzo huo. Rudia mara tatu, ukifuata sauti moja tu kila mara.

Ukishazoea, nenda kwa Arvo Pärt wa Estonia, ambaye mtindo wake wa tangu mwaka 1976 hufungamanisha sauti mbili, moja ikitembea hatua kwa hatua na nyingine ikigonga noti za akodi moja, yaani kundi la noti zinazopatana, kama kengele. "Magnificat" yake, yaani wimbo wa sifa wa Bikira Maria, ya mwaka 1989 inafaa sana.

Baadaye itafute kwaya inayoimba kanisani, kwani mwangwi wa jengo hukamilisha utunzi, na ukimya unaofuata noti ya mwisho usiuvunje kwa makofi ya haraka.