Jinsi ya kumchekesha mgonjwa wa upasuaji bila kumuumiza

Mgonjwa anayesubiri upasuaji hakosi watu wa kumwambia "usiogope". Anachokosa ni mtu wa kumsahaulisha woga kwa dakika tano. Maelezo haya ni ya wauguzi, wanafunzi wa udaktari, na zaidi ya wote ndugu wanaomwangalia mgonjwa, wale wanaolala kwenye mkeka kando ya kitanda katika wodi zetu za Uganda, kuanzia Arua hadi Mbarara. Hao ndio wanaojua nini humchekesha.

Mtu akiogopa, moyo huenda mbio, misuli hukaza, na mishipa ya mikono hujibana. Ndiyo maana sista anaweza kuchoma mara mbili tatu kabla kanula, yaani mrija mdogo wa mshipani, haijaingia. Kicheko kikipita huacha misuli imelegea, tena huihamisha akili, kwa sababu akili iliyoshikwa na kichekesho haina nafasi ya kuyachunguza maumivu vizuri. Mwaka 2012, watafiti wakiongozwa na Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kuwa watu huvumilia maumivu zaidi baada ya kucheka, na wakaeleza kuwa huenda ni kazi ya endofini, kemikali ya mwili yenyewe inayotuliza maumivu. Lakini tusidanganyane: kicheko hakifuti maumivu ya mshono. Dawa hutangulia, utani hufuata. Anayemletea mgonjwa vichekesho badala ya dawa anamdhihaki.

Anza kwa kuuliza

Kabla hujafungua mdomo, mvute pembeni ndugu anayemwangalia, umuulize mambo matatu. Huyu nyumbani ni mtu wa utani? Huwa anacheka nini? Kuna jambo lisiloguswa, kama msiba wa karibuni, deni au ugomvi wa ndoa? Dakika mbili hizo zinaokoa aibu nyingi.

Kisha subiri mgonjwa aanze. Wengi hurusha kamba wenyewe. Mzee akivishwa gauni la thieta (chumba cha upasuaji) lililo wazi mgongoni akasema, "Leo mmenifanya bibi harusi," amekwisha kukupa ruhusa. Mjibu, "Basi mzee, ng'ombe wa mahari tuwapeleke kwa nani?" Akicheka, mwachie yeye neno la mwisho. Hapa ndipo wachekeshaji wengi hukosea: wanadhani kazi yao ni kuchekesha, kumbe ni kumpa mgonjwa nafasi ya kuchekesha. Mtu aliyelala chali, aliyevuliwa nguo na saa, ambaye hata maji hanywi mpaka aruhusiwe, akifanikiwa kumchekesha daktari amejirudishia heshima yake kidogo.

Asipoanza, jaribu neno moja dogo kuhusu kitu, au kuhusu wewe mwenyewe. Gurudumu la kitanda likilia njiani: "Gari hili halijaonja gereji tangu lifike Uganda." Asipotabasamu, nyamaza. Usijaribu la pili. Mshike mkono kama ni desturi yenu, au mweleze tu kitakachofuata. Kwa watu wengine maelezo ya wazi hutuliza kuliko mzaha wowote.

Yapo ya kuacha nje ya wodi kabisa: mwili wa mgonjwa, ugonjwa wake, kabila, dini, siasa na bili. Umeme pia. "Tuombe umeme usikatike!" inaweza kuwafurahisha wafanyakazi, lakini mgonjwa anatoka mtaa ambao umeme hukatika kweli, naye atalibeba neno hilo hadi meza ya upasuaji. Chakula nacho kina hatari yake. Kwa kawaida mgonjwa hukaa saa 6 bila chakula na saa 2 bila hata maji matupu, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Ahadi ya rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, humchangamsha mmoja na kumtesa mwingine, kwa hiyo subiri aitaje yeye.

Angalia pia nani anamtania nani. Babu au bibi na mjukuu hutaniana bila shida, na mjukuu akiwepo mpe kazi hiyo. Mkwe hapana. Katika Buganda, mwanamume na mama mkwe wake huepukana kwa heshima, hivyo ukimvuta mkwe aingie kwenye mzaha kitandani pa mama huyo utawaaibisha wote wawili. Lugha nayo ina historia yake. Kwa wazee kadhaa wa Uganda ya kati, Kiswahili kinanuka vizuizi vya barabarani na amri za askari waliokitumia zamani. Hata neno tamu likitoka kwa ghafla linaweza kumkaza badala ya kumlegeza. Salimia kwanza kwa lugha yake, hata kama unajua salamu tu. Na usitanie kupitia mkalimani: kichekesho kinachofasiriwa hufika kimekufa.

Watoto

Kwa mtoto, kitu hushinda maneno. Glavu mpya iliyopulizwa na kuchorwa macho inakuwa kuku. Ishike wewe, wala usimwachie aliye mdogo, maana ikipasuka kipande chake kinaweza kumkaba. Uliza kwanza kama mpira wa glavu humletea vipele au kumvimbisha. Klipu ya kidoleni inayopima oksijeni ina taa nyekundu: mwambie achague kidole kitakachowaka. Mwache ampime mama yake moyo kwa stethoskopu, kisha atangaze kama mama apone au alazwe. Barakoa ya dawa ya usingizi mpe aishike mapema, acheze kupuliza puto lisiloonekana, ili ikifika zamu yake asiione kama kitu kigeni.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni pipi ya zawadi kabla ya thieta. Wema huo unaweza kuahirisha upasuaji. La pili ni uso uliopakwa rangi, ambao huwatisha wadogo. La tatu ni kumchangamsha kupita kiasi hadi kicheko kigeuke kilio mlangoni, kwa hiyo punguza kasi mapema kabla hajaitwa, umalizie kwa wimbo wa polepole.

Mshirikishe na mtoa dawa ya usingizi. Huko Florence, Italia, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwahusu watoto 40 wa miaka 5 hadi 12. Waliosindikizwa na wachekeshaji na mzazi walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko waliosindikizwa na mzazi peke yake. Hata hivyo, wahudumu wengi wa thieta hawakutaka jambo hilo liendelee, wakisema linavuruga kazi. Malalamiko yao yana haki. Mchekeshaji ambaye hajakubaliwa na timu ni kizuizi chenye pua nyekundu.

Ndani ya thieta

Wakati timu inasoma orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, pasiwe na mzaha hata mmoja: jina, aina ya upasuaji, upande, mzio. Mama anayefanyiwa upasuaji wa uzazi kwa sindano ya mgongoni yuko macho na anasikia kila neno nyuma ya pazia. Cheko la ghafla la wahudumu atadhani ni lake. Aliyelala usingizi naye aheshimiwe vivyo hivyo. Huko Virginia, Marekani, mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama liliamua mgonjwa alipwe dola 500,000 baada ya simu yake kurekodi madaktari wakimdhihaki akiwa amelala.

Kama mama anataka kuongea, mtu mmoja tu akae kichwani pake, aongee kwa sauti ya chini, na anyamaze mara daktari anapotoa maagizo.

Baada ya upasuaji

Uliza maumivu kwa namba, 0 (hakuna) hadi 10 (makali kabisa). Akisema 7 au zaidi, funga mdomo umwite sista. Vidonge vya maumivu huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi. Utani uanze baada ya hapo, dakika 10 hadi 15 zinatosha, kisha uliza namba tena.

Kicheko hukaza tumbo kama kikohozi, na mshono ndio unaolipa. Kwa aliyepasuliwa tumbo, ngiri au uzazi, kunja blanketi au mto mdogo, uuweke juu ya kidonda, na umfundishe kuukandamiza kwa mikono miwili kila anapohisi kicheko kinakuja. Akunje magoti juu kidogo akiwa amelala chali, tumbo lilegee. Pumzi ndefu zinazokuja na kicheko husaidia mapafu kufunguka, ila achague vichekesho vya kutabasamu kuliko vya kuvunja mbavu katika siku za mwanzo. Aliyepasuliwa jicho, kichwa, koo au kifua asichekeshwe kabla daktari hajakubali. Maumivu yakipanda ghafla, bendeji ikilowa, pumzi ikikatika, au akisema amehisi kitu kimeachia tumboni, acha na umwite mhudumu mara moja.

Video za mchekeshaji wa Uganda Anne Kansiime kwenye simu hufaa wanaompenda. Tumia spika ya sikio moja, lile jingine libaki wazi asikie akiitwa. Na kabla ya kubonyeza, tazama kitanda cha jirani: wodi zetu ni za wazi, na huenda huko wamemfunika marehemu shuka.