Kompyuta Kuukuu Inapogoma Kuwaka na Linux

Kabla hujaandaa flashi ili usakinishe upya, tizama kwanza mashine imekwama wapi. Kompyuta kuukuu zinazotolewa maofisini Mjini zikapelekwa skuli au madrasa, iwe Makunduchi, Unguja, au Wete, Pemba, mara chache hugoma kwa kosa la mfumo endeshi wa Linux wenyewe. Huku kwetu maadui ni hewa ya chumvi, betri ya saa iliyokwisha, na umeme unaokatika wakati diski inaandika.

Feni ikizunguka lakini kioo ni cheusi tangu mwanzo, au mashine inalia milio, Linux haijafikiwa bado. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, kisha toa RAM, vipande vya kumbukumbu. Meno yake ya dhahabu yakiwa yamefifia au yana madoa, yasugue taratibu kwa raba ya penseli, uyafute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti kidogo, uache yakauke. Rudisha kipande kimoja tu, ujaribu. Kisha cha pili. Ukiwa karibu na pwani, usiiweke mashine chini ya dirisha linalopigwa na kusi, la sivyo utairudia kazi hii.

Saa ikirudi nyuma miaka kila umeme ukienda, badilisha betri ya saa, ile ya duara kama sarafu iitwayo CR2032. Ni ya volti 3. Mita ikisoma chini ya 2.8, haifai tena. Watu huidharau betri hii kwa kuwa wanadhani inashika saa tu, kumbe katika mashine nyingi za zamani inashika pia mipangilio ya BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Linux. Ikifa, diski inaweza kurudishwa kwenye RAID badala ya AHCI (njia mbili tofauti za mashine kuwasiliana na diski), na Linux ikaikosa diski iliyo nzima kabisa. Ingia BIOS, rudisha AHCI, weka diski iwe ya kwanza kuwashwa, sahihisha tarehe. Ukiacha tarehe ya zamani, hata masasisho yatakataliwa.

Ukiona `grub rescue>`, GRUB, programu inayoipakia Linux, imeanza lakini haioni faili zake. Andika `ls`, upate orodha ya vigawanyo, yaani sehemu za diski. Vikague kimoja kimoja, mfano `ls (hd0,msdos1)/`, mpaka ukione chenye folda ya `boot`. Kisha, ukitumia jina la kigawanyo hicho:

```
set root=(hd0,msdos1)
set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal
```

Menyu itatokea. Huo ni msaada wa mara moja tu. Mfumo ukishawaka, ikiwa mashine inatumia BIOS ya zamani, endesha `sudo grub-install /dev/sda`, kisha `sudo update-grub`. Angalia: ni `sda`, diski nzima, si `sda1`. Na hakikisha kwa `lsblk` kwamba `sda` ndiyo diski yako, si flashi.

Ukiishia kwenye `(initramfs)`, mfumo mdogo wa muda unaotangulia Linux kamili, aghalabu ni umeme uliokatika ghafla. Ujumbe wa juu yake hutaja kigawanyo kilichoharibika. Andika amri ya kukarabati, `fsck -y /dev/sda1`, ukiweka jina hilo badala ya `/dev/sda1`, kisha `reboot`. Lakini diski ikiwa inagonga au inakwaruza, usiendeshe fsck. Washa kwa flashi ya Linux, nakili faili za watu kwanza, ndipo utazame afya ya diski kwa `sudo smartctl -a /dev/sda`. `Current_Pending_Sector`, idadi ya sehemu za diski zenye shaka, ikizidi sifuri na kuendelea kupanda, tafuta diski nyengine. Hakuna amri itakayoiponya.

Menyu ikionekana kisha kioo kikazima, shaka iko kwenye kadi ya picha. Washa upya, na kwenye menyu bonyeza `e`, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, bonyeza F10.

Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani. Ukirudi, ngoja dakika chache utulie ndipo uwashe.