Jinsi ya Kuanza Kumsikiliza Clara Schumann

Usianze na wasifu wake. Anza usiku, watoto wakishalala na simu umeizima.

Mimi naishi Leipzig, Ujerumani, mji alikozaliwa Clara, mpiga piano na mtunzi wa muziki, tarehe 13 Septemba 1819, wakati huo akiitwa Clara Wieck, na piano nilijifunza ukubwani, nikiwa na watoto wawili. Kwa miaka mingi nilimjua kama mke wa mtunzi Robert Schumann tu. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu Clara alipanda jukwaa la Gewandhaus, ukumbi wa matamasha wa Leipzig, akiwa na miaka 9.

Tafuta Konseto yake ya Piano, yaani muziki wa piano na okestra, Opus 7 (namba ya kazi yake). Ruka sehemu ya kwanza, nenda moja kwa moja ya pili, Romansi, kipande kifupi chenye hisia kama wimbo. Hapo okestra inanyamaza. Piano inaimba peke yake, kisha selo moja, ndugu mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito, inaupokea wimbo. Ifuate hiyo selo. Konseto ilipopigwa mara ya kwanza, Novemba 1835, mtunzi Mendelssohn akiongoza okestra, Clara alikuwa na miaka 16. Isikilize mara tatu, ndipo urudi mwanzo.

Pumzika siku kadhaa kabla ya kuendelea, maana yeye mwenyewe alipita pagumu. Baba yake, aliyekuwa pia mwalimu wake, aliipinga ndoa yake na Robert hadi shauri likafika mahakamani. Clara na Robert walioana siku moja tu kabla bibi harusi hajatimiza miaka 21. Mwaka uliotangulia alikuwa ameandika katika shajara yake kwamba mwanamke hapaswi kutamani kutunga.

Sasa weka Trio, muziki wa piano, fidla na selo, Opus 17, ya mwaka 1846, sehemu ya tatu. Piano inaanza na wimbo, fidla inaurudia. Katikati muziki unachafuka, halafu selo inauleta tena ule wimbo wa mwanzo. Uimbe chinichini kwa do-re-mi, kama tulivyofundishwa kwaya. Mimi nilipofanya hivyo ndipo niliposikia kwamba selo hairudii tu: inafariji. Mwanamke aliyeandika kwamba hapaswi kutunga ndiye aliyeandika hayo, huku akilea watoto.

Mwisho ni Romansi tatu za fidla na piano, Opus 22, alizomtunukia mpiga fidla Joseph Joachim. Ukiwa na rafiki mpiga fidla, jaribuni ile ya kwanza, polepole, wewe ukianza na mkono wa kushoto peke yake. Kabla ya hapo ujue jambo hili: Robert akiwa anatunga, Clara hakuweza kufanya mazoezi, kwani sauti ya piano ilimsumbua mumewe. Huko Düsseldorf walihamia nyumba ambamo hatimaye Clara aliweza kupiga bila kumsumbua. Romansi hizi zilitoka kiangazi cha 1853. Miaka mitatu baadaye Robert alifariki, akamwachia watoto saba. Clara aliwalea kwa matamasha na kufundisha, akapiga mbele ya watu hadi 1891, lakini kutunga aliacha karibu kabisa.

Ukimaliza romansi ya tatu, usiweke muziki mwingine usiku huo.