"Some time" au "sometime"? Maneno ya muda katika Kiingereza cha kuandika

Ukiishi ughaibuni, mambo mazito mengi hupita kwenye maandishi: baruapepe kwa mwajiri, barua kwa mwenye nyumba, maelezo kwa daktari. Ukizungumza, msikilizaji hukuelewa kwa sauti na kwa muktadha. Ukiandika, anayo herufi tu.

"Some time", kwa maneno mawili, ni kipindi. "I need some time to pay" ni kuomba kuongezewa muda wa kulipa. "Sometime", neno moja, ni siku au saa ambayo hujaitaja: "I will pay sometime next week". Ukiongeza "s" ikawa "sometimes", umesema mara nyingine unalipa, mara nyingine hulipi, na hakuna mwenye nyumba anayetaka kusoma hivyo. Ukisitasita, jaribu kutanguliza "quite". "Quite some time" inakubali. "Quite sometime next week" inagoma. Na mbele ya "ago" ni maneno mawili daima: "some time ago".

Kuhusu "awhile", ushauri wangu ni kuiacha kabisa. Ndani yake tayari mna maana ya "for a while", ndiyo maana "for awhile" huhesabiwa kosa. Andika "a while" kila mahali, hata "stay a while", na utakuwa salama.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye kitenzi. Kwa Kiswahili tunasema "naishi hapa kwa muda mrefu sasa" na tumeeleweka. Kwa Kiingereza, jambo lililoanza zamani na linaloendelea huandikwa "I have been living here for some time". Ukiandika "I am living here for some time", msomaji anaweza kudhani unapita tu na utaondoka. "I lived here for some time" inamwambia umeshahama. Fikiria sentensi hizo kwenye barua ya kuomba mkataba wako wa nyumba uongezwe.

Jihadhari pia na "momentarily". Marekani wengi huisoma kama "punde tu". Uingereza ni "kwa kitambo kifupi". Tumia "soon" au "briefly", kulingana na unachokusudia.

Haya yote ni ya barua. Fomu ikikuuliza ulianza kazi lini, usijibu "some time ago". Andika mwezi na mwaka.