Kutoa kloroplasti kwenye spinachi na kuziona zikifanya kazi

Nafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita hapa Morogoro. Kwa miaka mingi wanafunzi wangu waliandika mlinganyo wa usanisinuru ubaoni bila kukosea hata namba, na hakuna aliyewahi kuuona ukitokea. Jaribio hili linauonyesha, tena kwa sukari ya dukani, barafu ya muuza samaki na spinachi mafungu mawili. Nimelirudia mara nyingi kiasi cha kujua linaharibikia wapi, na ndiyo maana nawaandikia walimu wenzangu.

Wazo lenyewe ni la Robert Hill wa Cambridge. Mwaka 1937 alionyesha kwamba kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani ndani ya seli vinavyofanya usanisinuru, zikitolewa nje ya jani zinaendelea kutoa oksijeni zikipigwa na mwanga, hata bila kabonidayoksaidi, mradi zipewe kitu cha kupokea elektroni. Yeye alitumia chumvi ya chuma. Sisi tunatumia DCPIP, ile rangi ya buluu ambayo shule nyingi zinayo kabatini kwa ajili ya kupima vitamini C. Ikipokea elektroni, buluu inapotea. Kwa hiyo rangi inapofifia mbele ya taa, ujue maji yamevunjwa, na elektroni zake zimepita kwenye kloroplasti hadi kwenye rangi.

Tuanze sokoni. Vitabu vinasema spinachi, lakini ukienda Soko la Chifu Kingalu ukaomba spinachi utapewa majani mapana yenye kikonyo kinene cheupe. Hiyo siyo Spinacia oleracea ya vitabuni. Ni Beta vulgaris, spishi moja na bitiruti. Usihangaike kutafuta nyingine. Daniel Arnon wa California, alipochapisha mwaka 1949 kanuni ya kupima umbijani, yaani rangi ya kijani ya majani, ambayo maabara nyingi zinaitumia mpaka leo, alikuwa akichunguza kloroplasti za Beta vulgaris hiyo hiyo. Chagua majani machanga, ya kijani kilichokolea, yenye kikonyo cheupe. Yenye kikonyo chekundu yaache, rangi yake itakuchanganya wakati wa kusoma matokeo.

Mchicha nimeujaribu nikauacha. Sehemu kubwa ya kloroplasti zake imo ndani ya seli zinazozunguka mishipa ya jani, na seli hizo zina kuta ngumu kuvunja. Unasaga sana, unapata kidogo. Kisamvu wanafunzi hukiomba kila mwaka na kila mwaka nakataa: jani la muhogo likipondwa bichi linatoa sianidi, na sitaki hewa hiyo ndani ya chumba chenye watoto arobaini.

Nunua majani jioni, yatumbukize vikonyo kwenye maji na uyaweke gizani hadi asubuhi. Jani lililoshinda juani limejaa wanga. Punje za wanga ni nzito, na mashine ya kuzungusha (sentrifuji) ikizunguka zinatoboa kloroplasti kutoka ndani. Usiku mmoja wa giza unatosha mmea kuutumia wanga huo.

Siku hiyo hiyo ya kununua majani, tengeneza bafa ya fosfeti, yaani majimaji yanayozuia asidi isipande. Kwa lita moja ya maji yaliyosafishwa pima gramu 8.95 za Na2HPO4 yenye molekuli 12 za maji na gramu 3.40 za KH2PO4. Soma lebo ya chupa kwa makini: kama Na2HPO4 yako ni kavu, isiyo na maji ndani yake, gramu ni 3.55 tu. Chukua takriban mililita 400 za bafa hiyo, yeyusha ndani yake gramu 68.5 za sukari nyeupe na gramu 0.37 za kloridi ya potasiamu, kisha ongeza bafa mpaka mililita 500. Hii ya sukari ndiyo ya kusagia majani. Iweke kwenye friji. Katika bafa iliyobaki, isiyo na sukari, chukua mililita 100 uyeyushe gramu 0.01 ya DCPIP. Ikae kwenye chupa ya kahawia au iliyofungwa foili.

Sukari haipo kwa ajili ya kulisha chochote. Kloroplasti imezoea kuishi ndani ya seli, palipo na chumvi na sukari zake. Ukiitupa kwenye maji matupu, maji yanaingia ndani yake hadi inapasuka. Bafa nayo inazuia asidi. Seli ya jani ina mfuko mkubwa wa majimaji yenye asidi, na unaposaga mfuko huo unapasuka na kumwagikia kila kitu.

Sasa asubuhi ya jaribio. Kila kitakachogusa majani kiwe cha baridi: bafa ya sukari, kinu na mchi, bika, testi tyubu za mashine. Mimi navizamisha kwenye ndoo ya barafu saa nzima kabla ya kipindi. Barafu nainunua kwa wauza samaki, naivunja kwa nyundo ndani ya kiroba. Ubaridi huu si wa kupuuza. Ukishaivunja seli, vimeng'enya vyake vinaanza kula kila kilichomo, na kimoja kati ya hivyo ndicho kinachogeuza mchuzi wa kijani kuwa kahawia, kama ndizi iliyomenywa ikaachwa. Ukiona ukahawia, anza upya; hutaokoa kitu.

Chukua gramu 50 za majani yaliyooshwa na kukaushwa kwa kitambaa, toa mshipa wa kati, katakata vipande vidogo kwa mkasi. Ongeza mililita 100 za bafa baridi ya sukari. Ukitumia blenda, washa sekunde tano, zima, washa tena sekunde tano, zima. Mara tatu inatosha. Anayeendelea hadi ipatikane juisi laini anapata povu na joto. Kwa kinu, ponda kwa nguvu lakini kwa haraka, dakika mbili. Usitamani kuvunja kila seli.

Chuja kwa shashi mpya ya duka la dawa, tabaka nne, iliyoloweshwa kwanza kwenye bafa baridi. Acha idondoke, kamua kidogo tu mwishoni. Utapata maji ya kijani kibichi mazito, na hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea.

Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili mbele ya darasa, shule haikuwa na umeme siku hiyo. Nikaona maji ya kijani tayari ninayo, kloroplasti zimo ndani, mashine ya kuzungusha ya nini? Nikamimina moja kwa moja kwenye DCPIP. Testi tyubu iliyokuwa kwenye mwanga wa dirishani ilipoteza buluu, darasa likashangilia. Kisha kijana mmoja akafungua foili ya ile ya gizani. Nayo ilikuwa haina buluu. Akaniuliza, "Madam, mbona ya gizani nayo imeisha?"

Lilikuwa swali zuri kuliko maswali yote niliyoulizwa mwaka ule, na jibu lilikuwa kabatini kwangu muda wote. DCPIP ni ya kupima vitamini C. Juisi ya spinachi ina vitamini C, na vitamini C inaondoa buluu bila kuhitaji mwanga wowote. Nilikuwa nimepima mboga, sikupima usanisinuru. Bila testi tyubu ya gizani ningelidanganya darasa zima nikiwa na nia njema kabisa.

Kwa hiyo lazima juisi itenganishwe na kloroplasti. Zungusha kwanza taratibu kwa dakika moja, takriban mizunguko 1,300 kwa dakika, ili vipande vya kuta na seli nzima vizame. Maji ya kijani ya juu yahamishie kwenye testi tyubu nyingine baridi, halafu zungusha kwa mizunguko 3,000 kwa dakika 10. Namba hizi ni za mashine ambayo umbali kutoka katikati hadi chini ya testi tyubu ni sentimita 10. Huko inatoa kama mara 1,000 ya mvutano wa dunia. Mashine yako ikiwa ndogo zaidi, ongeza mizunguko. Panga testi tyubu zenye uzito sawa zikiangaliana, na usifungue kifuniko kabla haijasimama.

Chini utakuta tope la kijani kibichi. Juisi ya juu mwaga yote. Ongeza bafa baridi ya sukari, koroga tope kwa brashi laini ya rangi au kwa kunyonya na kutoa taratibu kwa dropa, kisha zungusha tena dakika 10 na umwage. Huku ndiko kuosha, na ndiko kunakoondoa vitamini C. Mwisho changanya tope na mililita 10 za bafa ya sukari, weka kwenye barafu, funika foili. Kuanzia hapo una kama saa moja ya kazi nzuri.

Tone moja weka kwenye hadubini kwa lenzi ya mara 40. Utaona vidoti vya kijani, kila kimoja mikromita 5 hadi 10 hivi. Baadhi vitakuwa vimepasuka. Usijali, utando wa ndani unaonasa mwanga bado unafanya kazi ya kuvunja maji.

Testi tyubu zenyewe ni nne. Ya kwanza: nusu mililita ya kloroplasti na mililita 5 za DCPIP, mbele ya taa. Ya pili: vilevile, ila ifunge foili kabla ya kutia kloroplasti, siyo baada. Ya tatu: nusu mililita ya bafa ya sukari bila kloroplasti, na DCPIP, mbele ya taa, hii inathibitisha kwamba mwanga peke yake haufuti buluu. Ya nne: kloroplasti na mililita 5 za bafa isiyo na rangi, hii ndiyo ya kulinganishia, kwa sababu ya kwanza ikimaliza kazi lazima ifanane nayo. Taa iwe sentimita 15 kutoka kwenye testi tyubu, na kama ni balbu ya kizamani inayotoa joto, weka bika pana la maji katikati. Washa, anza saa.

Kwangu rangi hugeuka kutoka kijanibuluu hadi kijani ndani ya dakika 2 hadi 10. Ikiisha kabla wanafunzi hawajaandika chochote, punguza kloroplasti kwa bafa mara mbili au nne. Isipobadilika kabisa, kitu cha kwanza kukishuku ni joto. Kisha sogeza taa hadi sentimita 30 urudie. Mwanga unakuwa robo, na wanafunzi wapime wenyewe muda unaongezeka kiasi gani.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya dawa ya magugu. Kaka yangu amepuliza dawa kwenye miwa kwa miaka, na moja ya dawa hizo ni diuroni. Inaua kwa kuziba njia ya elektroni ndani ya kloroplasti, kwenye protini iitwayo D1, mahali pale pale tunapopima. Mwalimu peke yake, kwa glovu, apime gramu 0.25 ya dawa ya asilimia 80 kwenye lita moja ya maji, atikise, kisha achukue mililita 100 za hiyo aongeze maji hadi lita moja. Nusu mililita ya mchanganyiko huu wa pili inatosha kwa testi tyubu moja. Nyingine itiwe nusu mililita ya maji ili ulinganisho uwe wa haki. Yenye diuroni itabaki buluu mbele ya taa. Atrazini ya kwenye mahindi inaziba mahali hapo hapo. Mwaka 1983 Joseph Hirschberg na Lee McIntosh walionyesha kwamba magugu ya Amaranthus hybridus, ndugu wa mchicha wetu, yaliistahimili atrazini kwa sababu ya badiliko dogo kwenye jeni ya protini hiyo, jeni iliyomo ndani ya kloroplasti yenyewe.

Binti mmoja ambaye mama yake analima kunde Dumila aliniuliza haya yanamsaidia nini mkulima. Nikamweleza kuhusu RIPE, mradi unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ulioanza mwaka 2012 kwa fedha za Gates Foundation. Jani likiwa kwenye jua kali, kloroplasti zinageuza mwanga wa ziada kuwa joto ili zisiungue, na wingu likipita zinachelewa kuacha kujikinga, hivyo mwanga unapotea bure. Watafiti wa mradi huo waliharakisha kuacha huko kwenye tumbaku, na mwaka 2016 wakachapisha kwamba shambani iliongezeka uzito kwa asilimia 14 hadi 20. Kunde na muhogo wamo kwenye mazao wanayoyalenga. Alikaa kimya kidogo, kisha akaomba arudie testi tyubu yake kwa kupitisha mkono mbele ya taa, kama wingu.

Kipindi kikiisha, kloroplasti zilizobaki usizitunze. Kesho zitakuwa zimekufa hata kwenye friji. Mwaga chini ya mti. Testi tyubu zenye diuroni zikusanye kwenye chupa moja yenye lebo, ifungie kabatini hadi upate pa kuikabidhi, isiende kwenye sinki wala bustanini.