Somo: Kwenda Wasini peke yako kwa ngalawa

Kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda kusini hadi kisiwa cha Wasini ni kiasi cha maili 40 za baharini. Boti ya mashine huimaliza njia hiyo asubuhi moja. Mimi nakuomba uende kwa siku mbili, ulale Gazi, maana aliye peke yake chomboni akichoka hana wa kumwachia usukani.

Msimu. Ngoja kaskazi ilegee, Februari hadi katikati ya Machi. Upepo utakuwa nyuma yako, bega la kushoto, na foromali, boriti inayobeba tanga, itakaa upande mmoja njia nzima. Kwangu hili ndilo kubwa. Kukisi tanga, yaani kulihamishia upande wa pili, kunataka watu wawili: mmoja azungushe foromali mlingotini, mwingine ashike kana, mpini wa usukani. Safari ya mtu mmoja hupangwa ili kukisi kusihitajike. Kusi ikishaingia na masika yake, usitoke.

Maji. Hapa soma polepole. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Mombasa bamvua hujaa karibu saa kumi alfajiri, hupwa karibu saa nne, kisha hujaa tena karibu saa kumi jioni, na kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3 na zaidi. Basi ukifungua Bandari ya Kale saa kumi na mbili kukipambazuka, maji yanayotoka yatakupitisha Fort Jesus bila kugusa kasia. Ukifika Gazi mchana, yanapanda, nawe utavuka mafungu ya mchanga mpaka kwenye mikoko. Saa hizo husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo hesabu upya kabla ya kulala.

Kutoka mlangoni. Nje ya Ras Serani utaikuta njia ya meli za Kilindini. Angalia kushoto na kulia, ukate moja kwa moja, usitembee ndani yake. Meli ya makontena haina nafasi ya kukukwepa pale.

Demani. Hii ndiyo kamba ya kuvutia tanga. Usiifunge fundo. Mwaka mmoja niliikaza barabara ili ninywe chai, tukiwa usawa wa Tiwi. Upepo ukapiga ghafla, tengo la kulia, ule ubao wa ubavuni unaoizuia ngalawa isipinduke, likazama lote, maji yakaingia mpaka magotini, na vidole vyangu vilivyolowa vikashindwa kulifungua lile fundo. Nilikata kamba kwa kisu cha samaki. Tangu siku hiyo naizungusha mara moja tu kwenye kishikizo, ncha naishika mkononi, na chai hungoja.

Ukishavuka njia ya meli, acha povu la mwamba mkono wa kulia, nusu maili hivi, ukipita Diani na Chale. Siku ya pili ni Msambweni, Funzi, kisha mlango wa Wasini. Maji ya mlango ule hukimbia, kwa hiyo punguza tanga mapema.

Beba jaketi la kuokolea ulivae, redio ya VHF (chaneli 16 ndiyo ya dharura), dira, upo wa kufulia maji, na lita 10 za maji ya kunywa. Waambie BMU ya Gazi, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, saa unayotarajia kufika.

Maswali

*Shikamoo nahodha. Nitarudije na kaskazi iko usoni?*

Marahaba mwanangu. Alfajiri kuna umande, upepo mwepesi wa bara, utaupata ubavuni, na mkondo wa pwani huenda kaskazini mwaka mzima. Tembea mapema, upepo ukizimika tia nanga. Lakini kurudi chukua mwenzako. Kwenda bisha, yaani kuupanda upepo kwa mshazari, ni kukisi kila mara.

*Kaka, na nikinyoosha mpaka Pemba?*

Pemba ni Tanzania, kuna uhamiaji wa nchi mbili, na kuna bahari kuu yenye kina katikati. Peke yako kwa ngalawa, sikushauri.

*Mwalimu, Gazi chombo unakiacha wapi usiku?*

Swali zuri sana hili. Utatia nanga maji yakiwa mengi, na saa nne usiku ngalawa itakuwa imekaa chini. Ikikalia jiwe, tengo litavunjika. Kabla ya kushuka, zunguka na upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, ukichoma chini ya mtumbwi na chini ya kila tengo. Kwenye mchanga upondo huzama kimya. Ukisikia unagonga, sogea.